Mzazi, chupa hiyo ya soda ina nini?

"AJALI haina kinga." Ndivyo tusemavyo mtoto wa jirani anapomwagikiwa na uji au anapokunywa mafuta ya taa. Tunatoa pole, tunachanga pesa za hospitali, kisha tunarudi majumbani mwetu ambako chupa ya mafuta ya taa ingali sakafuni na sufuria ingali yachemka kando ya mlango.

Msemo huo hauwafai wazazi wenye watoto wadogo. Ajali nyingi zinazowapata watoto walio chini ya miaka 5 hutokea nyumbani, na hutokea kwa njia zile zile kila mara: kuungua, kunywa sumu, kusakamwa na chakula, kuanguka na kuzama majini. Jambo linalojulikana litakavyotokea laweza kuzuiwa. Wiki hii tutaeleza jinsi ya kulizuia, na la kufanya endapo litatokea kabla hujajitayarisha.

MTOTO ANAVYOIONA NYUMBA

Mtoto hukua haraka kuliko mzazi anavyobadilisha nyumba. Akiwa na miezi 4 unaweza kumlaza kitandani akabaki pale ulipomlaza. Mwezi unaofuata anajipindua na kuanguka. Kufikia miezi 9 huwa anatambaa na kushika meza ili asimame. Akifikisha miaka 2 anapanda kiti, anavuta droo na kufungua mlango.

Katika umri huo wote, kinywa ndicho kipimo chake cha kila kitu. Akiona kitu hukishika, na akikishika hukitia mdomoni. Huo si utundu wala utovu wa adabu. Ndivyo anavyojifunza. Kumchapa hakutamfundisha sumu ni nini. Kutamfundisha tu kusubiri uondoke.

Kwa hivyo piga magoti leo jioni uzunguke nyumba yako ukiwa na kimo cha mtoto. Utaona mambo usiyoyaona ukiwa umesimama: waya wa pasi unaoning'inia, kitambaa cha meza kinachoweza kuvutwa pamoja na chai iliyo juu yake, sarafu chini ya kochi, na chupa ya soda iliyo nyuma ya jiko.

MAFUTA YA TAA

Tuanze na chupa hiyo. Tangu mwaka wa 2018, ushuru wa mafuta ya taa ulipoongezwa, familia nyingi za mijini zimegeukia gesi. Lakini bado zipo nyumba nyingi zinazotumia stovu na taa za mafuta, hasa gesi inapoisha katikati ya mwezi. Mafuta hayo hununuliwa kidogo kidogo, na chombo kinachopatikana kwa urahisi ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Mtoto anaijua chupa hiyo. Sikukuu iliyopita alinywea soda ndani yake. Siku ya jua kali akiwa na kiu, hana sababu ya kuishuku.

Hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni bali mapafuni. Mafuta haya ni mepesi na huteleza upesi kuingia katika njia ya hewa mtoto anapoyameza au anapoyatapika. Yakifika mapafuni huleta nimonia kali. Kiasi kidogo tu chaweza kumdhuru mtoto.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Wengine humtia mtoto kidole kooni ili atapike, na wengine humpa maziwa au mayai mabichi. Usifanye hivyo kamwe. Kumtapisha huyapa mafuta nafasi ya pili ya kuingia mapafuni, na kumjaza maziwa tumboni huenda kukamfanya atapike.

Ukishuku kuwa mtoto amekunywa mafuta ya taa, fanya yafuatayo:

- Mwondoe palipo na mafuta, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni.

- Usimtapishe wala usimpe chochote anywe.

- Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu au mwinamishe ili matapishi yatoke nje.

- Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama anacheza. Kukohoa, kupumua kwa kasi, homa na usingizi usio wa kawaida vyaweza kuanza saa kadhaa baadaye, na ndiyo sababu madaktari hutaka kumwangalia mtoto kwa saa 6 au zaidi.

- Beba chupa hiyo ili daktari aone alichokunywa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Nunua kibuyu cha plastiki chenye kifuniko kigumu kufungua, ukitumie kwa mafuta ya taa pekee, na ukiweke juu asikofika mtoto. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka wa 1994 ulionyesha kuwa familia zilipopewa vyombo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi, visa vya watoto kunywa mafuta ya taa vilipungua kwa karibu nusu.

Sheria hiyo hiyo itumike kwa dawa ya kung'arisha nguo inayouzwa mitaani kwa chupa za soda, na kwa sabuni ya maji. Dawa ya panya ni hatari zaidi. Usiichanganye kamwe na chakula kisha ukaiacha sakafuni katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

MOTO NA VITU VYA MOTO

Tukitaja kuungua, wengi hufikiria moto unaowaka. Kwa watoto wadogo, adui mkubwa ni vimiminika vya moto: chai, uji, supu, na maji ya kuoga.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Chai ambayo wewe waiona imepoa kiasi cha kunyweka yaweza kumbabua. Hata kikombe kilichomiminwa dakika 15 zilizopita bado chaweza kumwunguza. Kwa sababu mwili wake ni mdogo, kikombe kimoja tu kinatosha kuenea kifua, shingo na mkono.

Wakazi wa chumba kimoja watauliza: nitamweka wapi mtoto, nami napika mahali anapolala? Swali hilo ni la haki. Jaribu haya:

- Chora mstari sakafuni kwa chaki au panga mitungi ya maji iliyofunikwa ili kutenga pembe ya jiko. Mfundishe mtoto kuwa hapo hapapitwi, lakini usitegemee mafunzo hayo pekee.

- Geuza mpini wa sufuria uelekee ukutani.

- Usipike wala usinywe chai ya moto huku umempakata au umembeba mgongoni.

- Unapomtayarishia maji ya kuoga, tia maji baridi kwanza katika karai, kisha uongeze ya moto. Yapime kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto.

- Jiko la makaa likishamaliza kazi, litoe nje mahali ambapo watoto hawafiki. Usilale nalo ndani ya nyumba hata katika baridi ya Julai. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto akiungua, dawa ya kwanza ni maji. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama mfereji umekauka, tumia jagi na ndoo. Mvue nguo na bangili haraka kabla ya kuvimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi.

Dawa ya meno, unga, asali, siagi, mayai na mchanga visikaribie jeraha. Huzuia joto kutoka, huleta uchafu, na humlazimu daktari kuviondoa huku mtoto akilia kwa uchungu. Barafu pia haifai, kwani huzidi kuharibu ngozi. Malengelenge usiyapasue.

Baada ya maji, funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi na uende hospitalini. Usingoje kesho iwapo ameungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, iwapo jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au iwapo yeye ni mtoto mchanga. Beba kadi yake ya kliniki ili muuguzi aone chanjo ya pepopunda.

KUSAKAMWA KOONI

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu karanga nzima. Zisage au mpe zikiwa zimepondwa. Zabibu zikatwe kwa urefu, nyama ikatwe vipande vidogo, na samaki achambuliwe miiba kwa vidole vyako. Mtoto ale akiwa ameketi, si akikimbia wala akicheka.

Akisakamwa lakini angali anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, chukua hatua. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, kwa maana waweza kukisukuma ndani zaidi.

Aliye chini ya mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisiponyoka, mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia. Aliyepita mwaka 1, mpige mgongoni mara 5 akiwa ameinama; kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute kwa ndani kuelekea juu mara 5. Akizirai, itisheni msaada mara moja, na anayejua kubonyeza kifua na kupuliza pumzi aanze.

Mambo haya ni afadhali kuyajua kwa mikono kuliko kwa kusoma. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Wazazi wa ploti moja au wa chama cha akina mama waweza kujisajili kwa pamoja.

MAJI, DAWA NA BETRI

Mtoto mdogo huzama katika maji ya kina cha sentimita 5, naye hazami kwa kelele. Kichwa chake ni kizito. Akiinama ndani ya ndoo hawezi kujiinua. Wakati huu wa mgao wa maji, funika kila ndoo na pipa kwa kifuniko kinachokaza, na umwage maji ya kufulia punde unapomaliza.

Dawa za watu wazima zifungiwe. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito hufanana na peremende, navyo ni sumu kali kwa mtoto. Vivyo hivyo dawa za nyanya za sukari na presha, hasa anapokuja kutoka nyumbani mashambani na kuziweka ndani ya mkoba wake chini ya kitanda. Usimwambie mtoto kuwa dawa ni peremende ili ameze.

Kisha kuna zile betri ndogo za mviringo kama kitufe, zilizomo katika rimoti, saa na vichezeo vinavyoimba. Ikikwama kooni, betri hiyo yaweza kuanza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa 2. Ukishuku mtoto ameimeza, hospitali ni sasa hivi, wala usimtapishe.

Walio orofani wasogeze viti na vitanda mbali na dirisha, na wakague vyuma vya roshani. Mtoto akianguka na kuumia kichwa kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia kupita kawaida, akapatwa na kifafa au akatokwa na maji puani au masikioni, asilazwe nyumbani.

YAYA NAYE AJUE

Katika nyumba nyingi za mijini, anayekuwa na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni si mama wala baba. Ni yaya, ambaye pengine yeye mwenyewe ametoka shuleni juzi. Msomee makala haya. Mwonyeshe kwa vitendo namna ya kumwagia maji palipoungua. Mwachie nauli ya dharura, nambari yako na ya jirani, na umwambie wazi kuwa ajali ikitokea hatafutwa kazi kwa kukupigia simu. Yaya anayeogopa huficha, na saa za kuficha ndizo zinazomgharimu mtoto. Nambari za dharura ni 999 na 112.

KABLA YA KULALA LEO

1. Je, kuna chupa ya soda au ya maji yenye kitu kisichonyweka? Kihamishe.

2. Dawa zote ziko juu na zimefungiwa?

3. Ndoo na mapipa yamefunikwa?

4. Jiko la makaa liko nje?

5. Kila anayelea mtoto huyu anajua kuwa palipoungua ni maji kwa dakika 20, na aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Usimpe. Uweke juu asikouona, umpe kijiko cha mbao na sufuria tupu apige ngoma. Makelele hayo utayavumilia.