Betri ya Kubadilisha: Ni Mauzo au Ni Kukodi?
Darasa la fiqhi ya biashara kutoka Kikuubo





Ndugu msomaji, vitabu vyetu vya fiqhi vinafundisha biashara kwa tende, ngano, ngamia na kisima cha maji. Mifano hiyo ni mizuri na hatuiachi, lakini mwanafunzi akitoka darasani akapanda boda kuelekea mjini, anakuta dereva anafunga mkataba ambao haumo katika mfano wowote aliousoma. Anafika kwenye kibanda, anachomoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka. Dakika mbili tu. Je, hapo kumepita mkataba gani? Nani ameuza nini kwa nani? Tutalitazama swali hili kwa kukaa Kikuubo, kwa sababu wengi wetu ada zetu zinatoka huko au katika masoko ya jirani yake.

Kwa Kiganda kikuubo ni kichochoro, na hivyo ndivyo palivyo: njia nyembamba karibu na paki ya zamani ya teksi, maduka ya jumla pande zote mbili, sabuni, sukari, mchele, biskuti na vyombo vya plastiki vimepangwa mpaka darini. Wanunuzi wanatoka Juba, Bunia, Beni, Kigali, na Kiswahili unachokisikia pale mara nyingi ni cha ndugu zetu Wakongo. Kichochoro ni chembamba kwa lori. Mzigo unatoka kwa mabega ya wapagazi na kwa bodaboda. Kwa hiyo anayeibadilisha boda anaibadilisha Kikuubo, hata kama hana duka pale.

Boda yenyewe si ngeni kwa mabadiliko. Ilianza kama baiskeli ya kuvusha watu na mizigo mpakani Busia katika miaka ya 1960, na jina lake ni hilo la mpakani. Baadaye ikawa pikipiki, na kwa miaka mingi sasa pikipiki hiyo imekuwa Bajaj Boxer inayokunywa petroli. Petroli yetu inatoka ng'ambo na kwa sehemu kubwa inapita Kenya. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, njia ilipofungwa, Kampala ilikauka. Januari 2022 malori yalipokwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa vipimo vya korona, lita moja ilipita shilingi 10,000 katika baadhi ya vituo. Waliokuwa na mafuta wakayaficha wangojee bei ipande zaidi walitupa mfano ulio hai wa ihtikari, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikataza.

Umeme hali yake ni nyingine, kwa sababu tunauzalisha wenyewe. Bwawa la Nalubaale pale Jinja lilifunguliwa 1954. Bujagali likaongeza megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, na Karuma 600 lililozinduliwa 2024. Tatizo letu la leo ni kuufikisha umeme majumbani kwa bei inayolipika kuliko kuuzalisha. Ndiyo maana kampuni kama Zembo, GOGO na Spiro zimeweza kujenga biashara ya pikipiki za umeme na vibanda vya kubadilishia betri. Wenzetu wametangulia kwa sheria: Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi isipokuwa ni ya umeme, na Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Na tusisahau kwamba gari la umeme la Kiira EV liliundwa na wanafunzi na walimu wa Makerere mwaka 2011. Jambo hili halijatushukia kutoka angani.

Sasa tazama upande wa duka. Pikipiki ya umeme haina plagi, kabureta, pistoni wala klachi, na haibadilishwi oili ya injini. Inabaki na matairi, breki, beringi, taa na vioo. Mfanyabiashara wa vipuri pale Kisekka, au wa oili ya jumla, anapoteza bidhaa zile zile zilizokuwa zinarudisha mteja kila mwezi. Wazee wa Kikuubo wamewahi kuliona hili kwa udogo wake: tadooba, utambi wake na mafuta ya taa vilikuwa bidhaa za uhakika, mpaka taa ndogo za sola zilipoingia vijijini. Aliyeanza mapema kuuza sola alibaki na wateja wake, naye aliyejaza stoo kwa tadooba alibaki na stoo.

Turudi kibandani. Katika mfumo huu dereva hununua pikipiki peke yake, na betri hubaki mali ya kampuni. Betri moja humpeleka kilomita 60 hadi 80 hivi, na dereva wa Kampala anayefanya kazi kutwa huhitaji kubadilisha zaidi ya mara moja.

Mwanafunzi wa haraka atasema: hii ni betri kwa betri pamoja na nyongeza ya fedha, basi ni riba. Hapana. Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) imetaja vitu sita, dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayosoma wengi wa Afrika Mashariki, sababu iliyomo katika vitu hivyo ni thamani ya sarafu au chakula. Betri haimo katika hayo. Tena hoja hii haifiki hata huko, kwa kuwa dereva hauzi betri yake, hana betri. Anarudisha mali ya mwenyewe na kupewa nyingine ya yule yule.

Basi ni kukodi, yaani ijara? Hapa ndipo penye elimu. Ijara ni kuuza manufaa ya kitu huku kitu chenyewe kinabaki. Wanachuoni wa Kishafi na wa Kihanbali walitoa mfano wa mshumaa: huwezi kuukodisha mshumaa ili uwashwe, kwa sababu kuutumia ndiko kuumaliza. (Mishumaa bado inauzwa Kikuubo kwa katoni, kwa hiyo mfano huu haujachakaa.) Je, betri ni mshumaa? Umeme uliomo unakwisha, hilo kweli. Lakini betri yenyewe inarudi, inajazwa, inatumika tena mara mamia. Inafanana zaidi na mnyonyeshaji. Qur'an katika Suratut-Talaq, aya ya 6, imeamrisha mama anayenyonyesha apewe ujira wake, na maziwa ni kitu kinachonyweka kikaisha. Ibnul-Qayyim alijenga hoja juu ya hapo: kitu kinachokuja upya baada ya kuchukuliwa, huku asili yake ipo, kinachukua hukumu ya manufaa. Maji ya kisima ni hivyo, na kwa maoni yangu betri pia.

Njia nyingine, nyepesi kwa hesabu, ni kusema kuna mikataba miwili iliyofuatana: kampuni inauza umeme kwa kipimo kama tunavyonunua yuniti za Yaka, na betri ni chombo kilichokodishwa au kuazimwa ili kuubeba. Mimi naona njia hii ndiyo bora, kwa sababu inamlazimisha muuzaji aseme ameuza yuniti ngapi. Na kipimo ndicho penye mgogoro.

Betri huchakaa. Iliyokuwa mpya inabeba yuniti mbili au tatu. Baada ya kujazwa mara nyingi sana inabeba pungufu, lakini taa yake ya kijani inaonyesha imejaa. Dereva analipa bei ile ile, kisha inamwachia njiani mapema kuliko ya jana. Amenunua kitu kisichojulikana kiasi chake, na Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharari, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Na likumbuke tukio la sokoni Madina, Mtume (s.a.w.) alipopita penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu chini ya kikavu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema mvua imekinyeshea. Mtume akamtaka akiweke kile kilicholowa juu ili watu wakione, na akajitenga na mwenye kughushi. Muuzaji yule hakuileta mvua, lakini alificha alichokijua. Kwa hiyo bei ikiwa ni kwa yuniti halisi zilizotumika, kama mashine inavyoweza kusoma betri inayotoka na inayoingia, gharari inaondoka. Ikiwa ni bei moja kwa kila kubadilisha, tofauti ndogo zinasamehewa kama fiqhi inavyosamehe gharari ndogo. Tofauti kubwa hazisamehewi, wala ile ambayo kampuni inaijua na dereva haijui.

Kuna pia suala la wizi. Betri mikononi mwa dereva ni amana. Jamhuri ya wanachuoni wanasema mwenye kukodi halipi kitu kilichoharibika au kuibiwa ila akifanya uzembe au akivuka mpaka wa matumizi. Ukikuta sharti kwamba dereva atalipa betri kwa hali yoyote, hata akinyang'anywa kwa panga usiku, sharti hilo halisimami kwao. Akiiacha pikipiki kando ya barabara bila kuifunga akaingia kunywa chai, alipe. Hukumu hii hii inatuhusu sisi wanafunzi wenye pikipiki tulizowapa madereva kwa malipo ya kila siku. Ile ni ijara, na matengenezo makubwa ya kitu kilichokodishwa ni juu ya mwenye kitu. Kumtwisha dereva kila kitu na bado kudai malipo ya siku ambayo pikipiki ilikuwa kwa fundi ni dhulma, hata kama mjini wamezoea.

Ununuzi wa pikipiki yenyewe kwa mkopo wa awamu nitaupitia haraka, kwa kuwa hukumu yake imeandikwa sana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah, Machi 1990, iliruhusu bei ya awamu izidi bei ya taslimu, maadamu pande mbili zimekubaliana bei moja kabla ya kuachana. Ikakataza nyongeza yoyote kwa kuchelewa kulipa, kwa sababu hiyo ni riba. Pia ilisema muuzaji hawezi kubaki mmiliki baada ya kuuza, ila anaweza kuishika bidhaa kama rahani. Kwa hiyo usidanganywe na neno: kama karatasi imeandikwa ada ya usimamizi na inaongezeka kila wiki unayochelewa, jina halibadilishi hukumu. Tangu 2023 Uganda ina benki iliyopewa leseni ya Kiislamu, Salaam Bank, basi ule udhuru kwamba hapa hapana pa kuuliza murabaha umepungua nguvu.

Teknolojia imeleta kitu ambacho kikao kile hakikukijua: pikipiki kuzimwa kwa mbali mwenyewe akichelewa kulipa. Ukiihesabu kuwa rahani, mdai ana haki ya kuzuia. Lakini Suratul-Baqara, aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na chombo kikizimwa mdaiwa ananyimwa ile kazi ambayo ingelipa deni. Naona sharti hilo likubaliwe kwa mwenye uwezo anayekwepa tu, na kwa notisi, chombo kikiwa kimesimama. Kukizima barabarani na abiria nyuma ni dharara isiyo na utetezi.

Swali la mwisho ni la wale ambao wazazi wao wana stoo. Zaka ya bidhaa za biashara huhesabiwa kwa bei ya soko siku mwaka unapotimia, na bei ya kununulia haiangaliwi. Tuchukue mfano wa kubuni: mzee alinunua pistoni na kabureta kwa shilingi milioni 40, na leo, kwa bei ya jumla anayouzia, vyote vinauzika kwa milioni 26. Zaka yake ni asilimia 2.5 ya milioni 26, yaani 650,000, ikiwa nisabu imetimia, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Wengi wanalipa kwa bei ya zamani kwa kuogopa kupunguza haki ya maskini, na wengine hawalipi kabisa kwa hoja kwamba mali imelala. Wote wawili wamekosea hesabu. Katika madhehebu ya Maliki kuna tofauti kati ya muuza duka wa kila siku na yule anayeweka bidhaa akingoja soko lipande. Huyu wa pili hutoa zaka ya mwaka mmoja pale anapouza. Mzee mwenye duka la Kikuubo linalofunguliwa kila asubuhi ni wa kundi la kwanza. Mkae naye kabla mwaka wake wa zaka haujatimia, mhesabu stoo katoni kwa katoni, na mzitenge zile ambazo mteja wake ni Boxer tu.