Mtoto Ana Homa: Pima Kwanza, Dawa Baadaye

Kwenye nyanda za kati malaria hufuata mvua. Zikinyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili, maji yakituama kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi na mabondeni, mbu hupata pa kuzalia. Hata hivyo Dodoma haina malaria nyingi kama Kigoma au Geita. Watoto wengi watakaoletwa kwako na homa hawana malaria. Yule aliye nayo huzidiwa upesi, maana mwili wake haujaizoea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayegawa dawa kwa kila homa anawakosea wote wawili.

Kabla hujafungua kifaa cha kupimia, mtazame mtoto na umuulize mama: "Dada, ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege?" Jibu moja baya, au ukiona amelegea haamki vizuri, safari ya zahanati au hospitali ianze hapo hapo. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye aende bila kusubiri. Kama umefundishwa na kukabidhiwa artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa, mpe yule mwenye dalili za hatari, kisha aondoke. Haimponyi, inamsogeza tu mpaka afike kwenye sindano.

Degedege ndiyo inayochelewesha wengi, kwa sababu nyumbani huenda wakataka mganga kwanza. Usibishane na wazee mbele ya watu. "Shikamoo bibi. Naomba tumwahishe mtoto hospitali, mengine tutayazungumza akirudi." Bibi akishakubali, hata pikipiki hupatikana haraka.

Asiye na dalili za hatari, mpime. Vaa glavu, futa kidole, acha kikauke, toboa pembeni mwa ncha. Damu iingie kwenye tundu lake, matone ya dawa ya kipimo kwenye lake, kwa idadi iliyoandikwa kwenye pakiti. Tazama saa, usikisie. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Mstari wa T ukionekana, hata hafifu kiasi gani, ni malaria.

Dawa mseto, iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa 2006, hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, kila dozi. Dozi ya kwanza ameze mbele yako, umsubiri saa moja, akitapika, rudia. Akianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni, kisha saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla dozi 6. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta, kwa hiyo mwambie mama ampe na maziwa au uji wa karanga. Vyote vipo Ugogoni. Homa ikishuka siku ya pili, wengi huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Waonye mapema, na kesho yake upite.

Jibu likiwa hakuna malaria, ndipo kazi ngumu inapoanza. Mama ametembea juani na atakwambia, "Si umpe tu?" Usimwache aondoke mikono mitupu. Mfunue mtoto kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia, aende zahanati. Akiwa salama, mweleze mama dalili za hatari na umtake arudi baada ya siku 2 homa ikiendelea.

Aliyemaliza dawa mseto akirudi na homa, usimpime tena kwa kipimo kile kile, kwani aina inayotumika sana huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mwandikie rufaa, uonyeshe tarehe aliyoanza dawa, akapimwe kwa hadubini.