Oili Moja, Kazi Tatu: Kuchagua Oili ya Kulinda Gia na Klachi ya Pikipiki

Mkoa wa Singida umo katika uwanda wa juu wa kati, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko pikipiki hupeleka alizeti sokoni na wagonjwa zahanati, katika njia za mchanga na mawe zinazomlazimu dereva kutumia gia nzito kwa muda mrefu. Klachi ikishindwa kazi katika mwinuko wa Sekenke, si pato la siku tu linalopotea. Usalama wa abiria nao umo hatarini. Miongoni mwa sababu za kushindwa huko, moja yaweza kuepukwa dukani: oili isiyofaa.

Katika motokaa nyingi zenye gia za mkono, injini ina oili yake, giaboksi ina yake, na klachi hukaa pakavu. Sivyo ilivyo katika pikipiki nyingi za mipigo minne. Humo oili ileile, takriban lita moja, hulainisha injini, hulinda meno ya gia na kuogesha klachi. Ndivyo ilivyo pia katika pikipiki nyingi za mizigo za magurudumu matatu, na zile za magurudumu manne za porini zenye klachi ya mkono.

Hapo ndipo penye ugumu. Pistoni na meno ya gia huhitaji utelezi, lakini klachi huhitaji msuguano. Klachi ya namna hii ni pleti za chuma na pleti zenye utando wa msuguano, zilizopangwa kwa kupishana na kubanwa na springi. Nguvu ya injini huzifikia gia kwa sababu tu pleti hizo hushikamana. Baadhi ya oili za motokaa za petroli hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kemikali hizo zikijishika juu ya pleti, klachi huteleza, hupata joto kali na hatimaye huungua.

Mnunuzi na asome kopo kabla ya kulipa, akizingatia mambo matatu.

Kwanza, alama ya JASO. Mwaka 1998 Wajapani walitoa kipimo cha T 903 kwa ajili ya oili za pikipiki za mipigo minne. Herufi MA zaonyesha kuwa oili ina msuguano ufaao klachi inayoogeshwa; MA2 ni daraja la msuguano mkubwa zaidi. MB ni ya msuguano mdogo, nayo hufaa skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili.

Pili, namba ya SAE. Katika 20W-50, namba iliyo kabla ya W yahusu mnato wakati wa baridi, na ya pili yahusu mnato oili ifikapo nyuzi 100 za Selisiasi. Oili nzito kupita kiasi huzifanya pleti zisiachane upesi asubuhi, na gia hugoma kuingia. Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi.

Tatu, tusidanganywe na namba 90 ya oili ya giaboksi za magari. Kipimo chake ni kingine: mnato wa 90 wakaribiana na ule wa oili ya injini ya 40 au 50. Tena oili ya daraja la GL-5 ina kemikali za salfa na fosforasi zilizokusudiwa kwa difu. Haifai kamwe kutiwa katika injini. Rangi ya oili nayo si ushahidi wa ubora, kwani yaweza kuwa ni rangi iliyotiwa kiwandani.

Je, oili ya injini za dizeli yafaa? Baadhi ya oili hizo zina pia alama ya MA, nazo zaweza kutumika iwapo mnato wake ndio uliotajwa kitabuni. Isiyo na alama hiyo haina dhamana yoyote kwa klachi.

Kutambua klachi inayoteleza ni rahisi. Pikipiki ikiwa katika gia ya juu, ongeza moto ghafula: injini ikivuma bila mwendo kuongezeka, klachi yateleza. Usikimbilie kulaumu oili. Kagua kwanza kebo. Katika pikipiki nyingi ncha ya mkono wa klachi hutakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza. Kebo ikiwa sawa, mwaga oili, tia yenye alama ya MA, ujaribu tena. Utelezi ukiendelea, fundi azipime pleti na springi.

Oili iliyomwagwa ihifadhiwe katika dumu. Maziwa Singidani na Kindai hayana mto wa kuyapeleka maji yake baharini. Uchafu uingiao humo hauna pa kutokea.