Mapigo ya Moyo na Uchovu wa Mkimbiaji

Kila alfajiri kabla sijatoka kitandani mimi hubonyeza vidole viwili mkononi, chini ya kidole gumba, nikahesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Mkimbiaji aliyezoea mazoezi anaweza kushuka hata chini ya 50, kwa kuwa moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Jumatatu, baada ya kupumzika, mimi hupata 56. Ijumaa, 65! Mwili bado unajijenga upya, na usingizi haukutosha. Hata katikati ya mbio ndefu, jasho likizidi, maji hupungua katika damu; kila pigo hubeba kidogo, basi moyo huongeza mwendo ingawa miguu ni ile ile.

Sisi wa shule za kutwa ndio tunaoumia. Natembea kilomita 5 kuja na 5 kurudi, halafu jioni mbio za nyika. Hizo kilomita za barabarani nani huzihesabu? Moyo tu.

Mashindano yalipokaribia, mwalimu wa michezo alitaka tukimbie kila jioni. Nikampa daftari langu la mapigo. Alicheka kwanza, kisha akalisoma, akatupa Alhamisi ya kupumzika. Wengine waliniita mvivu, lakini Ijumaa hiyo nilihesabu 58.

Jaribuni kesho, ila kabla ya chai, maana chai nayo inaweza kuyapandisha.