Kila Pushapu ni Mfuko wa Saruji

Mwaka jana, mwezi wa pili, mama mmoja alikuja na guta dukani kwetu Kisesa, pembeni ya barabara ya Musoma, akanunua mifuko mitatu ya saruji. Kijana wa kupakia alikuwa ameenda kunywa chai, nikasema nampakia mwenyewe. Mfuko wa kwanza niliufikisha kiunoni, hapo ukagoma. Mikono ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Mama akaniangalia kwa huruma: "Baba, leo umekula kweli?"

Nilikuwa nimekula. Kilichoniangusha ni pushapu. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja tangu wana wa kundi letu la WhatsApp tuwekeane shindano: pushapu mia kila siku, mwezi mzima, anayekosa ananunua kreti ya soda. Lengo langu lilikuwa kitambi, maana kuuza misumari na rangi ukiwa umekaa kwenye stuli miaka sita kuna gharama yake.

Kazi ya duka imenizoesha daftari, kwa hiyo hata pushapu nilikuwa naziandika. Siku ya kwanza nilipiga 24 mfululizo kabla ya kuishiwa, zilizobaki nikazimalizia vipande vipande mpaka mia itimie. Siku ya tatu, 22. Siku ya sita, 19. Siku ya tisa, 15. Mfanyabiashara yeyote akiona hesabu kama hizo anajua mtaji unaliwa. Mimi niliona uvivu, nikajikaza zaidi.

Jioni ile nilikuwa nimekaa barazani nikijikanda bega la kulia, akapita jirani yangu, mzee aliyelima pamba na mpunga tangu ujana wake. Nikamsimulia. Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani kila anayefanya mazoezi nyumbani amewahi kujiuliza.

"Babu, ninyi mlikuwa mnalima kila siku msimu mzima. Nani aliwapa siku ya kupumzika?"

"Maksai ulishawaona wakilima mchana?" akanijibu kwa swali. "Tunawafunga nira alfajiri. Jua likipanda, tunawafungua wakale majani. Ukiwakomalia hadi jioni, kesho hawasimami, na shamba bado lipo."

"Na ninyi wa jembe la mkono?"

"Sisi? Nani alikuwa analima kama anaua nyoka?"

Akaenda zake, lakini jibu lile lilibaki kichwani. Ukipanda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma siku ya ngoma, ukatazama bugobogobo, utaona watu wameshika majembe na ngoma inawapa mwendo. Ile ngoma imetokana na kulima pamoja. Mdundo unamzuia mwenye pupa asiwaache wenzake, na mchovu asibaki nyuma. Mkulima wa aina hiyo anatumia sehemu tu ya nguvu zake kwa kila pigo, ndiyo maana kesho anarudi. Mimi nilikuwa naenda hadi kifua kinagusa sakafu na kukataa kuinuka, kila siku, kisha nategemea kesho nizidishe.

Kwa hiyo swali la "pushapu nipige mara ngapi kwa wiki" halina jibu mpaka useme unazipigaje. Ukizipiga mpaka ukaribie kuishiwa, misuli inahitaji kama saa 48 kabla ya kuiita tena kazini. Ukipiga nusu ya uwezo wako au pungufu, unaweza kuzipiga kila siku na usidhurike. Kosa langu lilikuwa kuchanganya: ukali wa njia ya kwanza na ratiba ya njia ya pili.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ukifanya kazi nzito ambayo mwili haujaizoea, nyuzi za misuli zinapata michubuko midogo sana. Baada ya hapo mwili unaanza ukarabati, na ukarabati huo unaendelea kwa kasi kwa siku moja hadi mbili. Nguvu mpya inajengwa kipindi hicho, wewe ukiwa dukani au umelala. Maumivu nayo huwa hayaji siku ileile: yanaanza kesho yake na mara nyingi yanakuwa makali kati ya siku ya pili na ya tatu. Vijana wa jimu watakuambia ni asidi ya laktiki imeganda. Siyo. Asidi hiyo inaondoka kwenye misuli ndani ya saa moja au karibu na hapo, wewe bado hata hujaoga.

Halafu nikafanya jaribio ambalo najivunia. Dukani tuna mizani ya sahani tunayopimia misumari na nondo fupi. Jioni moja baada ya kufunga niliilaza sakafuni, nikaweka viganja juu yake na miguu kwenye tofali lililolingana nayo kimo, nikakaa mkao wa pushapu. Mimi nina kilo 72. Mikono ikiwa imenyooka, mizani ilisoma 49. Niliposhuka kifua karibu na chini, ikasoma 54. Mfuko wa saruji una kilo 50. Yaani kila pushapu moja nilikuwa nasukuma mfuko mzima, na pushapu mia ni mifuko mia: tani tano kwa kifua, mabega na misuli ya nyuma ya mkono, bila siku ya mapumziko. Hakuna kijana wa kupakia ambaye ningethubutu kumpa kazi hiyo kwa mtindo ule.

Nilinunua kreti ya soda. Nikapumzika siku nne kamili, na wana walinicheka vya kutosha. Siku ya tano asubuhi nikajaribu: 27 mfululizo, tatu zaidi ya siku ya kwanza. Zile nguvu zilikuwepo muda wote, zimefunikwa na uchovu.

Sasa hivi nafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, kwa hiyo hata mbili siyo za kuonewa aibu. Napiga seti nne. Kati ya seti na seti napumzika dakika mbili, wakati mwingine tatu kama mteja ameingia. Kila seti naiacha nikiwa bado naweza kuongeza mbili au tatu, na hapo ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu kichwa kinataka kumaliza kwa kishindo. Kipimo cha kwenda mpaka mwisho nakifanya mara moja tu kwa wiki nne. Baada ya miezi miwili kilisoma 38.

Kama huwezi hata moja ya sakafuni, usianze na sakafu. Hapa kwetu mawe hayajawahi kuwa haba. Tafuta jabali la kimo cha kiuno, weka mikono juu yake, mwili uwe mnyoofu kama ubao kutoka kisigino hadi shingo. Uzito unaoufikia mkono unapungua sana. Ukizoea, shuka kwenye jiwe la magoti, kisha chini. Ukishakuwa mbabe, geuza: miguu juu ya jiwe, mikono chini. Viganja viwe vimepita upana wa mabega kidogo, na viwiko visitawanyike kama mbawa za kuku anayekimbia mvua. Bega langu la kulia liliumizwa na viwiko hivyo hivyo.

Siku za katikati sikai tu. Jumanne na Alhamisi natembea asubuhi, au nafanya skwati, maana miguu haikuwa na kesi. Lakini kazi ya duka nayo naihesabu. Lori likishusha saruji, siku ile mabega yameshafanya zoezi, daftari liseme lisiseme, na pushapu zinasogezwa. Watu wanaobeba ndoo, wanaotwanga au wanaolima wakumbuke hilo kabla ya kunakili ratiba ya mtu anayeshinda ofisini.

Kuhusu chakula, sitadanganya kuwa nimekibadilisha sana. Ni ugali uleule, ila dagaa wameongezeka na ugali umepungua. Dagaa wakavu wa ziwa letu, nusu ya uzito wao na zaidi ni protini, na bei yao haishindani na ya unga wa protini wa kopo. Nikipata maziwa mgando jioni, vizuri. Choroko zikiwepo, vizuri zaidi. Usingizi ndio uliokuwa ugomvi. Mechi nyingi za Ulaya zinaanza saa nne au saa tano usiku, zinaisha karibu saa sita au saa saba, na daftari langu linaonyesha kwamba asubuhi baada ya mechi hesabu inashuka kwa tatu hadi tano. Nimechagua mechi chache. Siyo zote, mimi bado ni binadamu.

Jambo moja nataka ulishike sawasawa. Misuli kukaza pande zote mbili baada ya zoezi ni kawaida, na ikiwa haijaachia siku ya pushapu ikifika, ongeza siku moja. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, upande mmoja, hayo siyo ya kufanyia mazoezi. Na ukizidisha ghafla, kama sisi na shindano letu, kisha ukaona misuli imevimba na mkojo umegeuka rangi ya soda nyeusi, usisubiri kesho: nenda hospitali. Misuli iliyovunjika sana inamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuharibu figo.

Kundi la WhatsApp lina shindano jipya, safari hii pushapu mia tatu kwa wiki, kila mtu agawanye anavyojua. Mimi nimeshapiga 190. Kesho Ijumaa lori la saruji linaingia, kwa hiyo zilizobaki nazihamishia Jumapili.