Nyumba Aliyoiacha Baba

Baba akiisha kuzikwa, watoto huulizana: Nyumba hii tuiuze, tuipangishe, au akae nani? Kwa desturi ya Wachaga, mara nyingi kitinda mimba hupewa nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, ili awatunze. Desturi hiyo ina wema wake. Lakini asipomtunza mama mjane, mama huyo akae wapi? Na dada zake je?

Someni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, naye Bwana akawapa haki. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 hubatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Basi yatupasa haya. Kwanza, ukoo ukutane, mama na mabinti wakiwapo, wapendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Kabla ya hapo mtu asiuze hata bati moja. Pili, madeni ya marehemu yalipwe. Tatu, makao ya mjane yaamuliwe kabla ya kugawana mengine.

Swali la kujifunza: Katika ukoo wenu, ni nani ambaye hajasikilizwa bado?