Kutambua Mapema Ugonjwa wa Figo kwa Mwenye Kisukari

Katika kata ya Majengo mjini Moshi, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, mtu aweza kuishi na kisukari kwa miaka mingi, akaenda sokoni, akafanya kazi zake na kulala vizuri, ilhali figo zake zinaharibika. Hasikii maumivu, wala mkojo wake haubadiliki rangi. Miguu inapoanza kuvimba na pumzi kuwa fupi, sehemu kubwa ya figo huwa imekwisha kufa, na iliyokufa haifufuki. Makala haya yanaeleza jinsi sayansi inavyoweza kuugundua ugonjwa huo kabla mgonjwa hajahisi chochote.

Kazi ya figo

Kila figo ina nefroni zipatazo milioni 1. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa myembamba ya damu kiitwacho glomeruli, na hicho ndicho chujio. Kwa siku moja glomeruli zote huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini. Lita 1 hadi 2 tu hutoka kama mkojo. Molekuli ndogo, kama za urea na chumvi, hupita katika chujio. Seli za damu na protini kubwa huzuiwa, kama majani yanavyozuiwa na chujio la chai. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, ni miongoni mwa zinazozuiwa.

Jinsi kisukari kinavyoharibu chujio

Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, mshipa uingizao damu katika glomeruli hupanuka, na ule utoao damu hubanwa. Jambo hili laweza kulinganishwa na mifereji ya umwagiliaji katika miteremko ya Kilimanjaro: lango la kuingizia maji likipanuliwa na la kutolea likizibwa nusu, kingo za mfereji huelemewa. Vivyo hivyo msukumo ndani ya glomeruli hupanda, kuta zake hunenepa na kuharibika, na albumini huanza kuvuja. Mwenye shinikizo la damu huharibikiwa upesi zaidi.

Kwa nini kipimo cha kawaida hakitoshi

Karatasi ya kupimia mkojo inayotumika katika zahanati nyingi haibadiliki rangi kwa uhakika mpaka albumini ifike kiasi cha miligramu 150 hadi 300 katika lita moja. Mvujo wa mwanzo huwa chini ya hapo. Kreatinini, taka itokayo katika misuli, hupimwa katika damu ili kukadiria uwezo wa figo kuchuja; nayo yaweza kuonekana ya kawaida hata pale ambapo karibu nusu ya uwezo huo imepotea.

Mwaka 1963 Harry Keen na mwenzake huko London walieleza njia ya kupima albumini kidogo sana katika mkojo kwa kutumia antibodi. Mwaka 1982 Keen na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa na mvujo huo mdogo ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata ugonjwa wa figo baadaye.

Siku hizi albumini hupimwa pamoja na kreatinini katika mkojo uleule, kisha hutafutwa uwiano wake.

Mfano. Mkojo wa asubuhi una miligramu 60 za albumini na gramu 1.2 za kreatinini katika lita moja. Uwiano ni 60 ÷ 1.2 = miligramu 50 kwa gramu. Baada ya kunywa maji mengi, mkojo wa mtu huyohuyo una miligramu 20 za albumini na gramu 0.4 za kreatinini katika lita moja. Uwiano ni 20 ÷ 0.4 = 50. Maji yameuzimua mkojo, lakini uwiano haukubadilika.

Uwiano ulio chini ya 30 ni wa kawaida. Kuanzia 30 hadi 300 ni mvujo wa mapema, na zaidi ya 300 ni mvujo mkubwa. Kwa kuwa homa, mazoezi makali na maambukizo ya njia ya mkojo yaweza kuongeza albumini kwa muda, kipimo hurudiwa: vipimo 2 kati ya 3, katika miezi 3 hadi 6, sharti vikubaliane.

Hali ilivyo Moshi na kwingineko

Utafiti uliofanywa katika kaya za Moshi mjini na vijijini, ukatangazwa mwaka 2015, uliwahusu watu wazima 481. Ugonjwa sugu wa figo ulikadiriwa kuwapata asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2.0 ya wa vijijini. Kati ya waliougua, karibu mmoja tu katika kila kumi alijua. Tena, karibu nusu yao hawakuwa na kisukari, wala shinikizo la damu, wala virusi vya UKIMWI. Hivyo kisukari si chanzo pekee.

Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa 369 wa kisukari. Waliokutwa na ugonjwa wa figo walikuwa 309, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua.

Faida ya kujua mapema

Dawa kama kaptoprili, enalaprili na losatani hulegeza mshipa utoao damu katika glomeruli, yaani hufungua lango la kutolea, na msukumo hupungua. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993, uliohusu wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, ya kuhitaji mashine ya kusafisha damu, au ya kupandikizwa figo.

Kwa hiyo mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe mkojo na damu mara tu anapogunduliwa, na kila mwaka baadaye. Mwenye aina ya kwanza aanze baada ya miaka 5.

Maswali

1. Kwa nini albumini haipiti katika chujio la figo nzima?
2. Mkojo una miligramu 90 za albumini na gramu 0.6 za kreatinini katika lita moja. Tafuta uwiano, kisha eleza maana yake. Je, karatasi ya kawaida ingeuonyesha mvujo huo kwa uhakika?
3. Jirani mwenye kisukari asema: "Sina maumivu, kwa hiyo figo zangu ni nzima." Mjibu kwa hoja za kisayansi.